Tangi la kioo Mafia: Sikilidi wafugwe, samaki wa matumbawe waachwe baharini

KWA mkulima wa minazi au mchuuzi wa pweza wa Mafia, samaki ni kitoweo au ni fedha ya siku hiyo hiyo. Wazo la kumnunua samaki, kumlisha kila siku na kuishia kumtazama tu linaonekana kuwa anasa ya watu wa mjini.

Lakini anasa ya mmoja ni riziki ya mwingine. Hoteli, zahanati binafsi, ofisi na nyumba za wenye uwezo huweka matangi makubwa ya kioo yenye samaki wa mapambo. Kila tangi la namna hiyo lina fundi aliyeliunda, mtu aliyeuza samaki na mtu anayelipwa kulisafisha. Mafia ni kisiwa kinachopokea wageni wanaokuja kuzamia Ghuba ya Chole na kuogelea na papa potwe karibu na Kilindoni. Hakina sababu ya kukosa nafasi katika biashara hiyo.

Swali ni samaki gani waingie ndani ya tangi. Jibu la haraka, ambalo mtu yeyote aliyezaliwa pwani angelitoa, ni kwamba bahari ipo mlangoni, hivyo wachukuliwe wale wa rangi rangi wanaoishi kwenye matumbawe. Jibu hilo lina hasara kwa mfuko wa mwenye tangi na kwa kisiwa kizima. Anayetaka tangi kubwa nyumbani au kwenye biashara yake atakuwa amefanya hesabu nzuri zaidi akichagua samaki wa maji baridi wa jamii ya sikilidi, waliozalishwa matangini, na akawachanganya kwa utaratibu.

Jina sikilidi ni geni masikioni, lakini samaki wenyewe si wageni. Perege na sato ni wa jamii hiyo. Furu wa Ziwa Victoria na kuhe wa Ziwa Tanganyika pia ni wa jamii hiyo. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za sikilidi, na Ziwa Nyasa linakadiriwa kuwa na aina mia kadhaa. Sehemu kubwa ya samaki hao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Wafugaji wa Ujerumani, Marekani na Japani wamekuwa wakiwanunua kwa miongo mingi, na hata jina wanalotumia huko kwa samaki wadogo wa miambani, mbuna, ni la wavuvi wa Ziwa Nyasa.

Wa kwanza kuiona fedha hiyo walikuwa watu wa nje. Mbelgiji Pierre Brichard aliendesha biashara ya kusafirisha samaki hai wa Ziwa Tanganyika akiwa Bujumbura, na mwaka 1989 alitoa kitabu kikubwa kuhusu samaki wa ziwa hilo. Mtanzania, ambaye nchi yake inagusa maziwa yote matatu makubwa, amebaki akimjua sikilidi mmoja tu, yule wa kukaanga.

Samaki wa bure ana gharama

Mtu anayetega wavu mdogo kwenye mwamba na kumchukua kangaja au samaki mwingine wa rangi hujiona amepata mtaji bila kulipa. Hesabu yake inaishia hapo kwa sababu haangalii kinachofuata.

Kwanza ni sheria. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini na ina eneo la kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna kanda ambazo uvuvi wa aina yoyote umezuiwa, na nyingine ambazo unaruhusiwa kwa masharti. Wananchi wa vijiji vya hifadhi walikubali kubanwa huko baada ya kuona baruti na makokoro yakimaliza miamba yao. Mvuvi wa Jibondo au Juani anayetii mipaka hiyo, huku akikosa kitoweo, hawezi kueleweshwa kwamba samaki wale wale wanaruhusiwa kuchukuliwa ili wapambe sebule ya mtu.

Pili ni kazi ya samaki hao majini. Kangaja na pono hula majani yanayoota juu ya matumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, yakiwamo ya Mafia, yalibadilika kuwa meupe na kufa. Mwamba uliokufa hufunikwa haraka na majani ya baharini, na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Wale samaki wanaokula majani ndio wanaoupa mwamba nafasi ya kupona. Wakiondolewa, anayepata hasara ni mvuvi wa changu na pweza, na pia hoteli inayoishi kwa wazamiaji.

Tatu ni gharama za tangi lenyewe. Maji ya chumvi yaliyomo kwenye kioo hayafanani na bahari. Maji yakipungua kwa jua na upepo, chumvi hubaki na kuzidi. Uchafu kidogo unaweza kumuua samaki wa matumbawe ambaye huko kwake maji hubadilika kila kupwa na kujaa. Vifaa vyake ni vya bei kubwa na vyuma huliwa na kutu. Samaki wengi wa matumbawe pia ni vigumu kuzalishwa nyumbani, hivyo kila anayekufa inabidi mwingine achukuliwe mwambani. Huo ni mradi usiozaa.

Sikilidi wana tofauti hapo hapo. Wengi wao huzaliana ndani ya tangi bila shida, na wazazi huwalinda watoto wao. Mbuna jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki tatu hivi. Mwenye tangi anaweza kuanza na kundi moja na asiguse ziwa tena.

Hilo la kutogusa ziwa nalo ni la msingi. Upo mwamba mmoja katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, uitwao Taiwan Reef. Mbuna mdogo aitwaye Chindongo saulosi anaishi hapo peke yake. Alivuliwa mno kwa ajili ya matangi ya ughaibuni, na shirika la IUCN limemweka katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, ilhali huko matangini amejaa. Kwa hiyo kuhamisha uharibifu kutoka Chole kwenda Kigoma au Nyasa si suluhisho. Mnunuzi aulize kwanza kama samaki amezaliwa tangini. Samaki wa namna hiyo pia amezoea chakula cha mkono, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuishi.

Maji kwanza, samaki baadaye

Mafia ina jambo moja linaloipendelea. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu kiasi na yana kipimo cha pH kati ya 8.6 na 9. Ya Ziwa Nyasa yako kati ya 7.7 na 8.6. Sehemu nyingine za dunia, wafugaji hulazimika kununua madini ya kutia ndani ya maji ili kufikia vipimo hivyo. Visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa upande wake, hutoa maji yenye chokaa. Maji ambayo huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria ya chai yanaweza kuwa ndiyo yanayofaa.

Hata hivyo kisima kimoja si sawa na kingine. Kile kilicho karibu na ufuko kinaweza kuwa na chumvi, na cha kwenye mchanga kinaweza kuwa na maji laini. Kabla ya kununua samaki hata mmoja, maji yapimwe pH, ugumu na chumvi. Pakiti ya kupimia ni rahisi kuliko samaki watano waliokufa. Maji yakiwa laini, changarawe ya mawe ya matumbawe iliyochimbwa nchi kavu, ikaoshwa vizuri na kuwekwa chini ya tangi, itayapandisha taratibu. Mawe hayo yatoke kwenye mashimo ya zamani ya kijijini, yasitolewe baharini.

Kuhusu ukubwa, tangi la sikilidi wengi lisiwe chini ya urefu wa mita moja na nusu. Mfano mzuri ni tangi lenye urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijaa hubeba lita 648. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 640, na ukijumlisha kioo na mawe uzito unapita kilo 800. Meza ya kawaida ya mbao haiwezi. Lijengewe msingi wa matofali au fremu ya chuma, juu ya sakafu imara, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana.

Wengi huharibu hapa: tangi linajazwa maji asubuhi na samaki wanatiwa jioni. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Sumu hiyo huwa kali zaidi kwenye maji ya joto na yenye pH ya juu, yaani maji yale yale ambayo sikilidi wanayapenda. Bakteria wanaoibadilisha amonia huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya chujio. Katika muda huo tangi liwe linazunguka maji, likitiwa chakula kidogo cha samaki ili bakteria wapate kula. Baada ya hapo samaki waingizwe kwa makundi madogo. Mwenye haraka hulipa mara mbili.

Nani akae na nani

Kanuni ya kwanza ni tangi moja, ziwa moja. Kuchanganya samaki wa Nyasa na wa Tanganyika si kosa la jinai, lakini chakula na tabia zao hutofautiana, na mwenye tangi hujikuta akiwaumiza wote wawili.

Akichagua Nyasa, mbuna ndio wa kuanzia kwa sababu ni wagumu, wana rangi kali za njano na bluu, na huzaliana upesi. Wana ugomvi. Dume hujitwalia pango lake na kumfukuza kila anayekaribia. Dawa yake, jambo linalowashangaza wengi, si kuwapunguza bali ni kuwaweka wengi kiasi, ili mkorofi asipate mmoja wa kumwonea. Tangi la lita 648 linaweza kubeba mbuna wa aina tatu au nne, kila aina ikiwa na dume mmoja na majike watatu au wanne, pamoja na mawe mengi yenye mapango. Yule wa njano, Labidochromis caeruleus, ana upole zaidi ya wenzake na ndiye anayefaa kwa mwanafunzi.

Aina zitakazochaguliwa zitofautiane kwa rangi na umbo. Mbuna wanaofanana hupandana na kutoa chotara. Mnunuzi anayejua samaki hamnunui chotara, hivyo mwenye tangi atakuwa amejizalishia hasara.

Akichagua Tanganyika, atapata tangi lenye utulivu zaidi, ambamo kila samaki ana ghorofa yake. Juu huogelea kundi la Cyprichromis, samaki wembamba ambao kumi hadi kumi na tano wanatosha. Kwenye mawe hukaa Julidochromis, jozi moja, mwenye mistari kama shuka. Kwenye mchanga hukaa wale wadogo wa sentimita tano hivi wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Huko ziwani hutumia magamba ya konokono wa ziwa. Mafia wanaweza kupewa magamba ya konokono wa shambani yaliyochemshwa na kusuguliwa, bila kugusa makombe ya baharini. Chini kabisa wawekwe gogogo wadogo wa ziwa hilo hilo, watano au sita, ambao huokota mabaki.

Katika gogogo hao yupo mmoja wa kuangaliwa, aitwaye Synodontis multipunctatus. Hutaga mayai yake wakati sikilidi jike anataga, na jike huyo huyaokota mdomoni pamoja na ya kwake. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenyeji humo humo mdomoni. Kwa mtazamaji ni ajabu ya Mungu. Kwa anayezalisha sikilidi wa kuuza, ni mwizi ghalani.

Wako wasioweza kuchangamana na wengine. Tropheus hula majani ya miambani tu na utumbo wake ni mrefu. Akipewa chakula chenye nyama nyingi huvimba tumbo na kufa, na mara nyingi hufa kundi zima. Hufugwa peke yao, kuanzia kumi na wawili na kuendelea. Frontosa, mwenye nundu kichwani na mistari mipana mwilini, ndiye anayetamaniwa na wenye hoteli, lakini hufika sentimita 30. Ni mpole kwa kumwangalia, ila usiku humeza samaki wadogo waliolala. Anayemweka na Cyprichromis asishangae idadi ikipungua bila kuona mzoga.

Kanuni ya pili ni fupi: samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake, siku moja ataingia. Ya tatu ni kwamba uzuri wa samaki dukani hauonyeshi tabia yake. Discus wa Amerika Kusini anataka maji laini yenye asidi na joto la nyuzi 28 au zaidi. Samaki wa dhahabu wa China anataka maji ya ubaridi. Kuwaweka na sikilidi wa Afrika ni kuwahukumu kifo. Perege na sato nao, ingawa ni ndugu, hukua haraka, huchimba mchanga na kuvuruga wote. Mahali pao ni bwawa la kitoweo.

Joto, umeme na chakula

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, hivyo husisitiza mashine ya kupasha maji moto. Mafia haihitajiki. Tatizo la kisiwani ni kinyume chake. Sikilidi wa Tanganyika wanastawi kwenye nyuzi 24 hadi 27, na miezi ya joto, Desemba hadi Machi, maji ya tangi lililo chumba chenye bati bila dari yanaweza kupita nyuzi 30. Maji yakiwa ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki huanza kupanda juu kuvuta hewa.

Ni vema tangi likae chumba chenye kivuli na upepo, lifunikwe kwa wavu badala ya kioo, na pampu ya hewa ifanye kazi muda wote. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi kadhaa. Idadi ya samaki nayo ipunguzwe kuliko vitabu vinavyosema. Mbuna huvumilia joto kidogo zaidi ya ndugu zao wa Tanganyika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nao.

Umeme ukikatika, samaki hawafi mara moja, lakini saa zinavyokwenda oksijeni hupungua. Pampu ndogo ya betri au ya sola ni sehemu ya mtaji, si pambo. Asiye nayo achote maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, chujio lioshwe kwanza kwa maji ya tangini kabla ya kuwashwa, kwa kuwa maji yaliyolala ndani yake yameoza.

Chakula kikuu cha dukani kiwe chenye majani kwa mbuna, na kiongezewe mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto. Samaki wa Tanganyika wanaokula wadudu, wale wa juu na wa miambani, hukubali viluwiluwi vya mbu na dagaa waliosagwa kidogo. Walishwe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Samaki wengi wa matangini huuawa na mkono mwepesi wa mwenye nyumba.

Maji yabadilishwe robo moja kila wiki. Kwa tangi la lita 648 hizo ni lita 162, yaani ndoo nane za lita 20. Kwa mkulima si maji ya kumwaga. Yana mbolea ya samaki na yanafaa tuta la mchicha au miche ya michikichi na mipapai. Anayefuga kuku na kulima bustani nyuma ya nyumba atayaona ni mapato.

Hesabu ya mfanyabiashara

Gharama ya samaki si bei aliyotajiwa dukani. Tuseme mtu amenunua mbuna 20 Dar es Salaam kwa shilingi 6,000 kila mmoja, jumla shilingi 120,000, na akatumia shilingi 30,000 kuwasafirisha hadi Nyamisati na kuvuka. Wakifa watano njiani au wiki ya kwanza, wale 15 waliobaki wamemgharimu shilingi 10,000 kila mmoja. Vifo ni sehemu ya bei, na anayetaka bei ishuke apunguze vifo.

Njia zinajulikana. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji. Wafungwe kwenye mifuko yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, ndani ya boksi lisiloingiza joto. Wakifika, mfuko uelee tangini hadi joto lilingane, na maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo. Samaki wageni wakae tangi la pembeni wiki mbili au tatu ili ugonjwa usiingie kwa wenyeji.

Mapato pia yahesabiwe kwa uangalifu. Dume mmoja na majike wanne wa njano, kila jike akitoa watoto 15 kila miezi miwili, kwa karatasi ni watoto 360 kwa mwaka. Nusu wakifa, wanabaki 180. Swali ni nani atawanunua. Soko la Mafia ni dogo, na mtu akizalisha kabla ya kumpata mnunuzi, atawalisha bila malipo.

Ndiyo maana fedha ya uhakika zaidi huenda isiwe katika samaki bali katika huduma. Kijana anayejua kupima maji, kusafisha chujio na kupatanisha samaki anaweza kuingia mkataba na nyumba za wageni na hoteli za Utende au Kilindoni, akalipwa kila mwezi. Samaki anaowazalisha wanakuwa akiba ya kujazia matangi ya wateja wake. Hapo mzunguko umekamilika bila kutegemea duka la mbali.

Watakuwapo watakaosema mkulima aanze na bwawa la perege kabla ya tangi la maua. Wana haki. Bwawa hulisha familia, tangi halilishi. Tangi la mapambo lisichukue fedha ya mbegu wala ya ada ya shule. Ni mradi wa pembeni kwa mwenye chumba, maji na muda wa kila siku.

Wasimwagwe bwawani

Lipo sharti moja lisilo na mjadala. Sikilidi wa tangini wasitupwe kwenye bwawa, kijito au dimbwi lolote la kisiwa, hata kama mwenye nao amechoka nao au anaona huruma kuwaua.

Tanzania inajua gharama ya samaki aliyehamishwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, pengine mamia, zilikuwa zimetoweka. Viwanda vya minofu vilileta fedha, lakini furu waliopotea hawakurudi. Mfano mwingine unahusu samaki wa pwani hii hii. Yule mwenye miba ya sumu na mapezi kama manyoya, ambaye wageni humwita samaki simba, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana Florida, Marekani, na wataalamu wanahusisha kuenea kwake na watu waliomwachia kutoka kwenye matangi yao. Leo amesambaa Karibiani na anakula samaki wachanga wa miamba ya huko.

Mabwawa ya ndani ya Mafia, yakiwamo yale wanamoishi viboko, ni madogo na yamejitenga. Samaki mgeni akishika mizizi humo hakuna wa kumwondoa. Vivyo hivyo kwa perege wa bara la mbele: perege wa Rufiji, Oreochromis urolepis, ni wa asili ya mito ya ukanda huu, na tayari anatishiwa na sato anayesambazwa kwa ajili ya mabwawa na kupandana naye. Kisiwa kisiongeze mzigo mwingine.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuleta samaki hai kisiwani aonane kwanza na ofisa uvuvi wa wilaya, kwa kuwa shughuli za samaki ziko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kwa kuwa ushauri wa mapema ni bure. Halmashauri nayo inaweza kusaidia kwa mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kuweka daftari la wenye matangi ya samaki wageni, na kuwapa mahali pa kurudisha samaki wasiowataka ili wagawiwe kwa wengine. Hoteli, ambazo ndizo wateja wakubwa, zikatae kununua samaki wa matumbawe kwa ajili ya mapambo. Mnunuzi akikosekana, mtegaji ataacha.

Mgeni aliyelipa nauli ya ndege hadi Mafia hahitaji kumwona kangaja ndani ya kioo wakati yupo hai Chole, dakika chache kwa mashua. Mezani pa mapokezi anaweza kuonyeshwa kitu ambacho hakukitarajia: samaki wa Tanganyika na Nyasa, hazina nyingine ya nchi hii, wanaotunzwa na kijana wa kisiwani anayejua kila mmoja anakula nini na anagombana na nani. Huo ujuzi ndio wa kuuzwa, na mwamba utabaki na samaki wake.